Kidokezo cha Saba Kulia

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua bado. Asubuhi yote nimekuwa mezani nachora chemshabongo ya kesho, kisha nikaipeleka kwa Qamar, rafiki yangu mwenye duka la fotokopi hapa Zombe, atoe nakala mia moja na ishirini za karatasi ya kanisa. Ukurasa wa mbele ni wa Mchungaji Kilonzo: matangazo, wagonjwa, zamu za kufagia. Ukurasa wa nyuma ni wangu, na najua ndio unaosomwa kwanza, hata mahubiri yakiendelea.

Qamar ni Mwislamu, kanisani kwetu hana habari napo, lakini hatoi nakala hata moja kabla hajajaribu kujaza.

"Vazi linalotaga mayai, herufi tano," akasoma. "Mwalimu, vazi gani linataga?"

"Fikiria ndege."

Akafikiria mpaka mteja akachoka kungoja. "Kanga! Wallahi wewe ni mtu mbaya."

Jumapili, 6 Oktoba

Mwaitu, mama yangu, amejaza miraba yote kabla ya sadaka. Amekaa pale kiti cha tatu na kalamu yake, mtu wa miaka sitini na nne aliyeishia darasa la saba, akiwashinda walimu wenzangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto. Watoto wa darasa langu wanasinzia saa sita. Ng'ombe wa jirani wamekula ua letu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua bado. Mwaitu amepanda ndengu kwenye mchanga mkavu, anasema itakuja. Amekuwa akisema hivyo tangu Baba afe, miaka sita sasa, na huwa anapatia. Tumekaa barazani tukichambua kunde, nikamwambia nataka wiki ijayo nitunge chemshabongo ya miji ya kwetu Ukambani. Yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, ingawa hakujua una jina. Nikiwa mdogo alikuwa akiniuliza tukilima: ukivuruga herufi za mali unapata nini? Nami napiga kelele shambani: lima!

Kidokezo kizuri kina milango miwili. Mmoja unatoa maana, wa pili unacheza na herufi. Ukiingilia wowote unafika chumba kimoja. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza wanaonilalamikia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepata Kitui: "Kiti kimemeza u, tukapata kaunti." Nimepata Tulia: "Soko linalomnyamazisha mtoto." Kibwezi imenikalia ngumu siku mbili, na leo nikisahihisha madaftari nikaiona. Imejiandika yenyewe. "Mji wa Makueni, mkiani mwake wamejificha wezi, herufi saba." Nilicheka peke yangu ofisini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kitu cha ajabu kimetokea na sikielewi.

Nilimpa Mwaitu nakala ya kwanza kama kawaida. Akaketi mlangoni penye mwanga. Akajaza Kitui, akajaza Tulia, akacheka. Halafu akafika kidokezo cha saba kulia. Nilikuwa nachuja chai. Niliposikia kimya nikageuka, nikaona kalamu iko chini na mkono wake umebaki hewani.

"Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Nimekuuliza, Mutindi. Nani?"

"Mwaitu, ni Kibwezi. Hujaiona? Mwisho wake ni wezi."

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mbele ya watu. "Ni Nzilani? Amekupigia simu?"

Simjui Nzilani yeyote. Nilipomwambia hivyo aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Chai yake imepoa pale pale.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuja kanisani. Mara ya mwisho kukosa ilikuwa wakati wa msiba wa Baba. Watu wamekipenda kidokezo cha wezi. Mgeni mmoja kutoka Kibwezi amemlalamikia mchungaji kwamba tumetukana mji wao.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mwaitu hasemi.

Jumanne, 22 Oktoba

Hasemi. Mvua bado.

Ijumaa, 25 Oktoba

Tumefunga shule. Nimempitia Qamar nikamwambia naogopa akili ya Mwaitu imeanza kuondoka. Akaniuliza ana sukari? Ana presha? Anasahau majina? Nikasema hapana, anakumbuka kila kitu.

"Basi huyo si mgonjwa," Qamar akasema. "Huyo ana jambo."

Jumamosi, 26 Oktoba

Nikiosha vyombo alisimama nyuma yangu ghafla. "Unataka nifanye nini? Nipige magoti? Sema."

Nilishtuka sahani ikaniponyoka. "Mwaitu, sijui unazungumza nini!"

Akaondoka. Karatasi ya kanisa kesho itatoka bila ukurasa wangu.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua imekuja. Nitaandika polepole, kama mtoto anayeandikishwa imla.

Ilianza saa nane mchana kwa upepo wa vumbi, kisha matone makubwa, kisha mabati yakalia hata hatukusikiana. Siku nyingine tungetoka nje kushangilia na kutega ndoo. Mwaitu alivuta kiti hadi karibu na goti langu, akasema kwa sauti ya kushindana na mvua, "Sasa hakuna mtu atasikia."

Nikasema, sawa.

"Ulipoandika wezi, nilijua umejua. Nimengoja uongee. Umenitesa wiki mbili."

"Sikujua chochote, Mwaitu. Sijui hata sasa. Ni herufi tu. Neno lenyewe liko hivyo."

"Hukujua?"

"Sikujua."

Akaweka kiganja mdomoni. Niliona usoni mwake kwamba angeweza kurudi nyuma. Angeweza kucheka, aseme uzee, aseme malaria, na mimi ningekubali, Mungu anisamehe, ningekubali kwa furaha. Nilimwona akiutafuta mlango huo kwa macho. Kisha akauacha.

"Sikukuzaa mimi," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mabati. Akarudia.

Haya ndiyo aliyonieleza, nami nayaandika ili kesho nisije nikajiambia niliota. Yeye na Baba walikuwa wakiishi Kibwezi, Baba akifanya kazi katika shamba la katani. Walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto. Huku Zombe watu wa Baba walikuwa wameshamchagulia mke wa pili. Nyumba ya jirani aliishi mzee Ndululu, shemasi, mtu wa kuheshimika sana, na binti yake wa miaka kumi na sita, Nzilani. Binti akapata mimba. Shemasi akaogopa aibu, akamficha kwa Mwaitu miezi minne ya mwisho. Hakutoka nje hata mara moja. Mwaitu akawa anajifunga vitambaa tumboni kila akitoka nje, Nzilani asione, watu wakaanza kumpongeza.

"Mlikuwa mmepanga," nikasema.

"Baba yake Nzilani alikuwa amepanga. Sisi tulikubali."

Mkunga alikuja. Mtoto akatoka mzima lakini Nzilani akavuja damu mpaka akazimia, wakamkimbiza hospitali. Alikaa huko siku tatu hajijui. Aliporudi, baba yake alimwambia mtoto alikufa na ameshazikwa. Akamwonyesha kaburi nyuma ya shamba.

"Kaburi la nani?" nikauliza.

Mwaitu akaikunja leso yake.

"Mwaitu, kaburi la nani?"

"Sijui walifukia nini. Wakati huo tulikuwa njiani na wewe, tunakuja Zombe. Ulikuwa unalia, sina maziwa. Nilikupa uji mwembamba na kijiko."

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye mvua hadi nguo zikanishika mwili. Mitaro ya ndengu ilikuwa imejaa maji na nakumbuka niliwaza, mbegu zitaoza. Nimesimama pale sina jina, nawaza ndengu.

Jumapili, 3 Novemba

Niko kwa Qamar. Nimemwambia yote. Alikaa chini sakafuni, akasema "Subhanallah," kisha hakusema tena kwa muda mrefu. Qamar! Mtu asiyeweza kunyamaza hata umeme ukipotea.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Nimejitazama kwenye kioo cha Qamar. Watu wote wamekuwa wakisema nina pua ya Baba.

Alhamisi, 7 Novemba

Mchungaji Kilonzo amepiga simu kuulizia chemshabongo, eti waumini wanasononeka. Nimejaribu. Nilichora miraba, nikaandika "mama" kulia na sikupata hata neno moja la kulivusha.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Mwaitu alikuwa shambani. Juu ya kitanda changu kulikuwa na kipande cha karatasi, mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba: "Sahani imemeza ma. Herufi nane."

Nilihesabu kabla sijajizuia. S, a, kisha ma, kisha hani. Samahani.

Nilienda nayo shambani nikiwa nimeikunja ngumi. Sijawahi kumpigia mama yangu kelele. Leo nilipiga, wapita njia wakasimama.

"Mtoto wa watu umeiba, halafu unaniletea chemshabongo?"

Alikuwa ameshika jembe. Akasema, "Kwa mdomo haitoki, mwanangu. Nimejaribu. Nimejaribu kila siku, inakwama hapa." Akajishika koo.

"Huyo Nzilani, umewahi kumtafuta?"

"Hapana."

"Hata mara moja? Miaka thelathini na moja?"

"Ningemtafuta ungeenda."

Alisema hivyo tu, bila kulia, kama mtu anayetaja siku ya soko. Nilikuwa na maneno mengi na yote yakanitoka. Miguu yake ilikuwa tupu kwenye matope. Nimeijua miguu ile maisha yangu yote na leo niliitazama kama ya mtu niliyekutana naye njiani, mtu mzee, aliyechoka. Nilimwuliza nyumba ya mzee Ndululu iko upande gani wa Kibwezi. Akanielekeza, hatua kwa hatua, hadi mwembe ulipo na mfereji unapopinda.

Jumanne, 12 Novemba. Kibwezi

Nimefika saa saba. Qamar alitaka tuje wote, nikakataa.

Mzee Ndululu alikufa zamani. Shamba sasa ni la Nzilani. Nilimkuta kando ya mfereji akipanga nyanya kwenye kreti, gamubuti miguuni, leso kichwani. Ni mwanamke wa miaka arobaini na saba. Sikuwa nimewaza kwamba ningemkuta kijana hivyo. Amenizidi miaka kumi na sita tu, angeweza kuwa dada yangu.

"Karibu, mama. Unataka za kreti ama za ndoo?"

Sauti ile ndiyo ninayoisikia nikicheza video ambazo wanafunzi wangu wamenirekodi kwa simu. Ni sauti yangu. Inapanda mwishoni vile vile.

"Natoka Zombe," nikasema. "Mimi ni mtoto wa Kavindu. Kavindu mke wa Nthiwa, waliokuwa wakiishi hapa."

Uso wake ulichangamka. Hilo ndilo lililoniumiza: alifurahi. "Kavindu! Aiya! Yule mama alinitunza nikiwa na shida, kama dada yangu. Akaondoka bila kuniaga. Yuko? Kumbe alipata mtoto! Mungu ni mwema. Alikuwa akilia sana juu ya mtoto."

Alikuwa bado anatabasamu, nyanya moja mkononi.

"Na wewe ni wa mwaka gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na mwezi, Februari.

Sijui mtu huhesabu kwa muda gani jambo kama hilo. Nyanya iliendelea kukaa mkononi mwake. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale bila mwenyewe. Kisha akakaa juu ya kreti, nyanya za watu zikapasuka chini yake.

"Sema tena."

"Februari."

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Mutindi. Kavindu ameniambia siku kumi zilizopita. Mimi sikujua. Nakuapia sikujua."

Hakunikumbatia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, kwa kufukuzwa. Alinishika kidevu kwa vidole vyenye udongo, akaugeuza uso wangu kulia, akaugeuza kushoto, kama wanavyokagua mbuzi sokoni. Kisha akachukua jembe lililokuwa limelala ukingoni.

"Nifuate."

Nyuma ya shamba, kwenye ua wa mikatani, kuna mahali pamezungushiwa mawe meupe. Mahali padogo. Palikuwa pamepaliliwa, hapana hata jani moja. Nilipaelewa kabla hajasema.

"Kila Februari naleta mawe mapya," akasema. "Vijana wangu wawili wako Mombasa, wanajua kwamba wana dada hapa. Mume wangu kabla hajafa alikuwa akinisaidia kupalilia."

Akainua jembe.

Nilimwambia basi, usichimbe. Hakunisikia. Alichimba kama mtu anayezima moto. Udongo ulikuwa umelainishwa na mvua. Mimi nilisimama nikitazama mtu akifukua kaburi langu, na mwili wangu wote ukawa baridi saa tisa mchana juani.

Hakukuwa mbali. Jembe liligonga kitu. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, akatoa jiwe. Jiwe la mto, la mviringo, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Lilikuwa na nyuzi za sufu zilizooza zimelishika, na vifungo viwili vya plastiki. Lilikuwa limevalishwa sweta.

"Nilifuma mimi," akasema. "Nikiwa kwa Kavindu, ndani, sina kazi. Nilifuma mimi."

Kisha akasema, "Baba," mara moja, kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na sita. Ndipo akalia, na sauti ile ikawafikia watu wa mferejini wakaja mbio wakidhani nyoka.

Jumatano, 13 Novemba. Kibwezi

Nimelala kitanda cha mmoja wa vijana wake. Asubuhi aliniuliza ninakula nini, ninafanya kazi gani, nina meno mangapi yaliyooza. Maswali madogo madogo, mfululizo, bila kunitazama. Nilipomwambia mimi ni mwalimu wa Kiswahili alisimama kidogo. Yeye aliacha shule kwa sababu yangu. Hakusema. Nilihesabu mwenyewe.

Nikamwuliza kama alikuwa amenipa jina. Akasema ndiyo.

"Jina gani?"

"Hilo ni langu kwanza. Nitakuambia siku nikiweza."

Mchana aliomba simu yangu. "Mpigie." Nikapiga, nikampa. Nilimsikia Mwaitu akisema, "Mutindi? Umefika salama? Mutindi?"

"Si Mutindi," Nzilani akasema. "Nimechimba. Nimekuta jiwe."

Nikadhani simu imekatika.

"Shimo liko wazi," Nzilani akaendelea. "Sitalifukia mimi. Nimelipalilia miaka thelathini na moja, nimechoka. Njoo ufukie mwenyewe."

Ijumaa, 15 Novemba. Kibwezi

Sikuamini angekuja. Nilikuwa nimejiambia atasingizia presha, barabara, ndengu.

Amekuja saa sita, na boda boda kutoka mjini, amevaa nguo yake ya kanisa na amebeba jembe lake mwenyewe limefungwa kwa gunia. Kutoka Zombe na jembe! Alimlipa kijana wa boda, akasimama kwenye lango, hakuingia mpaka aambiwe.

Nzilani alitoka jikoni, alikokuwa amebandika isyo, mahindi na maharagwe, akifuta mikono. Walitazamana. Mimi nilikuwa katikati yao, hatua kumi kutoka kwa kila mmoja, na miguu yangu ilikataa kwenda upande wowote.

"Umezeeka," Nzilani akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuombea. Kila siku, kwa jina, upate mtoto."

Mwaitu akayumba. Nilidhani ataanguka, nikasogea. Nzilani akaniambia bila kugeuka, "Mwache." Kisha akamwambia yeye, "Ni huko nyuma. Unapajua."

Mwaitu alivua viatu vyake vya kanisa, akavipanga kando. Akaanza kufukia. Udongo ulikuwa umeshiba maji ya mvua ya jana, kila jembe zito. Ana miaka sitini na nne na mgongo mbovu. Baada ya muda mfupi jasho lilikuwa limelowesha nguo, akawa anapumua kwa mdomo. Nilichukua jembe la Nzilani. Akaninyang'anya.

"Nimesema mwache. Hii si yako."

Tukasimama wawili tukitazama. Nusu saa, labda zaidi. Wakati fulani Mwaitu alisimama, akaegemea mpini, akafungua mdomo. Samahani ikakwama, kama alivyoniambia. Akarudi kufukia. Kisha, akiwa ameinama, uso wake hauonekani, nikaisikia. Ilitoka imevunjika, kwa Kikamba, si kwa Kiswahili, na haikuwa neno moja. Alisema alichofanya. Alikitaja chote, kuanzia vitambaa vya tumboni hadi kijiko cha uji, akiongea na ule udongo, na jembe halikusimama. Nzilani alisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. Hakusema amesamehe.

Shimo lilipojaa, Mwaitu alilishindilia kwa miguu. Hapakuwa na tuta tena. Akabaki amesimama, hajui aende wapi, matope hadi magotini, viganja vimechubuka.

Nzilani aliingia ndani. Nilimsikia akigongagonga vyombo. Nikadhani amemaliza naye, kwamba sasa nitampeleka Mwaitu stendi. Nilikuwa nimeshaokota viatu vyake.

Akatoka na birika la maji ya moto na beseni. Alisimama mbele ya Mwaitu muda mrefu, birika likitoa mvuke.

"Nyoosha mikono," akasema. "Isyo inapoa."